Ernst May, Mchoraji wa Jumba la Makumbusho la Kampala

Mtu akitoka Wandegeya kwenda Kamwokya kwa njia ya Kira Road, huliona upande mmoja jumba refu jeupe, lisilo na maghorofa, limekaa nyuma ya uwanja wa majani. Mimi nililipita jumba hilo miaka mingi kabla ya kuingia ndani. Nilidhani ni ofisi ya serikali, mahali pa kupeleka karatasi na kungoja. Halina nguzo kubwa wala kuba, wala pambo lolote la kumwambia mpita njia kwamba hapa pana jambo. Wenzangu wengi niliowauliza walifikiri kama mimi.

Siku moja mwalimu wetu wa historia alitupeleka huko. Ilikuwa saa nane mchana, na jua lilikuwa kali. Tulipoingia tu tuliona ubaridi kidogo, nami nikatafuta mapanka juu ya dari. Hayakuwako. Nikatazama tena, nikaona kwamba kuta zina madirisha membamba juu kabisa, karibu na dari. Kwa madirisha hayo mwanga unaingia bila jua kuvipiga vitu vilivyowekwa, na hewa ya moto inapata njia ya kutoka. Mwenzangu mmoja akasema kwamba aliyelichora jumba hili alikuwa akiijua Kampala. Mwalimu akatuambia kwamba ndiyo, aliijua, ingawa alizaliwa mbali sana. Tangu siku hiyo nilitaka kujua habari zake, na hizi ndizo nilizozipata.

Ernst May alizaliwa katika mji wa Frankfurt, nchini Ujerumani, tarehe 27 Julai 1886. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vitu vya ngozi, kwa hiyo mtoto hakuona dhiki. Alipokuwa kijana alikwenda Uingereza kusoma, kisha akaendelea na masomo huko Darmstadt na Munich. Mwaka 1910 alirudi Uingereza kufanya kazi kwa Bwana Raymond Unwin, mpanga miji aliyesifiwa sana wakati ule. Unwin alifundisha kwamba nyumba za watu wa kawaida zisibanane kama magunia ghalani, bali kila jamaa wapate bustani, hewa na miti. Kijana May alilishika fundisho hilo, na hakuliacha maisha yake yote.

Vita Vikuu vya kwanza vilipokwisha, Ujerumani ilikuwa maskini na watu wengi hawakuwa na mahali pa kulala. May alianza kazi katika jimbo la Silesia, akijenga nyumba ndogo za wakulima na wakimbizi. Mwaka 1925 aliitwa nyumbani Frankfurt, akapewa madaraka juu ya ujenzi wote wa mji. Katika miaka mitano tu, yeye na wenziwe walijenga zaidi ya nyumba 12,000. Zilikuwa nyumba za mapaa bapa, zisizo na mapambo, zilizopangwa kufuata jua na mteremko wa ardhi. Ili kupunguza gharama, vipande vya kuta vilitengenezwa kiwandani, kisha vikainuliwa kwa mashine na kuunganishwa mahali pa ujenzi. Katika mtaa wa Römerstadt kila nyumba ilipata umeme, jambo ambalo siku zile hata matajiri wengine hawakuwa nalo.

Lazima nitaje na jiko. Mmoja wa wasaidizi wake alikuwa mwanamke kutoka Austria, Bibi Margarete Schütte-Lihotzky. Mwaka 1926 bibi huyu alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba hizo. Alihesabu hatua anazopiga mpishi kutoka kwenye meko mpaka kwenye maji, na kutoka kwenye maji mpaka kwenye kabati, akazipunguza. Alijifunza kutoka majiko ya mabehewa ya reli, ambamo chakula cha watu wengi hupikwa mahali padogo. Yapata majiko 10,000 ya namna hiyo yalitiwa katika nyumba za Frankfurt. Watu wengi ulimwenguni wanapika leo katika majiko yaliyotokana na lile, wala hawamjui aliyelibuni.

Mwaka 1930 habari za May zilikuwa zimefika mbali. Serikali ya Urusi ya Kikomunisti ilimwita akapange miji mipya ya viwanda. Akaenda na kundi la wasaidizi kumi na kitu, na Bibi Schütte-Lihotzky akiwamo. Wakati ule Warusi walikuwa na mtindo wao wa ujenzi uitwao konstraktivizimu. Wafuasi wake walisema kwamba jengo ni kama mashine: uzuri wake ni katika kufanya kazi yake, wala si katika sanamu na maua yaliyobandikwa ukutani. Ofisi, kiwanda, nyumba ya kulala, kila kimoja kionyeshe waziwazi kinafanya kazi gani. Mawazo hayo yalikuwa ndugu wa mawazo ya May mwenyewe, na kwa hiyo alitumaini makubwa.

Lakini matumaini hayakutimia. Kazi yake kubwa ilikuwa Magnitogorsk, mji wa chuma karibu na milima ya Ural. Alipofika, viwanda vilikuwa vimekwisha kuanza kujengwa kabla ya ramani ya mji kukubaliwa. Saruji haikutosha, mbao hazikutosha, na amri zilibadilika mara kwa mara. Halafu wakubwa wa serikali wakaanza kuuchukia mtindo mpya, wakataka tena nguzo na mapambo ya kizamani. Mwishoni mwa mwaka 1933 May aliondoka Urusi.

Hapo ndipo yalipompata makubwa. Hakuweza kurudi kwao, maana mwaka ule ule Hitler alikuwa ameshika serikali ya Ujerumani. May alikuwa na damu ya Kiyahudi katika ukoo wake, tena watu wa Hitler walimwita mtumishi wa Wakomunisti. Basi mtu aliyewajengea maelfu ya watu nyumba, sasa yeye mwenyewe hakuwa na kwao. Mwaka 1934 alifika Tanganyika na jamaa yake, akanunua shamba karibu na Arusha, akawa mkulima. Fikirini, wasomaji: mkuu wa ujenzi wa mji mkubwa wa Ulaya, sasa anatazama mvua na kuhesabu miche chini ya mlima Meru.

Hakukaa shambani daima. Mwaka 1937 alihamia Nairobi, akafungua ofisi ya kuchora majengo. Moja la kazi zake za kwanza lilikuwa Kenwood House, jumba la maduka na ofisi katikati ya mji. Lakini vita vya pili vilipoanza, Waingereza walimhesabu kuwa Mjerumani, yaani adui, ingawa Wajerumani wenyewe walikuwa wamekwisha kumkataa. Akazuiliwa zaidi ya miaka miwili, akapelekwa hata Afrika Kusini. Alipofunguliwa alirudi Nairobi akaanza tena.

Miaka iliyofuata alifanya kazi katika nchi zetu zote tatu. Alichora shule ya wasichana ya Aga Khan huko Kisumu. Katika Moshi alichora jumba la K.N.C.U., chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Jumba hilo lina ofisi, maduka na vyumba vya wageni, nalo lilijengwa kwa fedha za kahawa ya Wachagga wenyewe. Nadhani hilo ndilo jengo lake linalokaribia zaidi yale majengo ya ofisi ya konstraktivizimu aliyoyaona Urusi. Tofauti yake ni hii, kwamba lile la Moshi halikuamriwa na serikali. Waliolitaka ni wakulima, na waliolilipia ni wao.

Sasa nakuja kwetu Kampala. Mwaka 1945 serikali ya Uganda ilimwita May apange namna ya kuupanua mji upande wa mashariki, kwenye vilima vya Kololo na Naguru. Mpango wake ulichapishwa mwaka 1947. Hakuchora njia zilizonyooka kama rula, kama wafanyavyo wapimaji wengine. Alizifanya zizunguke vilima kwa kufuata mteremko, na mabonde yaliyo katikati akataka yabaki na majani na miti. Mtu akitembea Kololo leo ataona barabara zinapinda na kupinda, na kila mpindo unafungua mandhari nyingine ya mji.

Lakini nikiwaambieni mema tu nitakuwa sikusema kweli. Mpango ule uliwagawa watu kwa rangi. Waafrika walitengewa Naguru, Wahindi na Wazungu wakatengewa mahali pengine, na yale mabonde mazuri ya majani yalikuwa pia mipaka ya kuwatenga. May aliamini kwamba Mwafrika ataendelea hatua kwa hatua, kama mtoto anayeongozwa mkono, na kwamba wakati wa kukaa pamoja haujafika. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyotaka kutenga watu, hilo ni kweli. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwake. Jambo hili lilinisumbua sana. Yeye alifukuzwa kwao kwa sababu ya ukoo wake. Alifungwa kwa sababu ya taifa lake. Je, hakuona kwamba mistari aliyoichora ilikuwa jamaa ya ile iliyomkata yeye? Nimelifikiri swali hili kwa muda mrefu na sijapata jibu la kunitosheleza. Nadhani mtu anaweza kuujua uchungu wa jeraha lake na asiujue uchungu wa jeraha la mwenziwe.

Na sasa jumba lenyewe. Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908, katika ngome ya Lugard juu ya kilima cha Old Kampala. Vitu vya kwanza vilikuwa vya mambo ya dini za asili, na Waganda wakapaita mahali pale Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya hirizi, wakapaogopa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 vitu hivyo vilihamishiwa Makerere, vikatunzwa na Bibi Margaret Trowell, yule aliyeanzisha shule ya sanaa huko. Mahali palikuwa padogo, vitu vikazidi kuongezeka. Ndipo May akapewa kazi ya kuchora jumba jipya, nalo likawa tayari mwaka 1954.

Katika jumba hilo naona masomo yote ya maisha yake. Kutoka kwa Unwin amechukua uwanja wa majani na nafasi ya kupumua. Kutoka Frankfurt amechukua paa bapa na kuta zisizo na mapambo. Kutoka kwa Warusi, au tuseme kutoka mawazo waliyoshirikiana, amechukua kanuni kwamba jengo lionyeshe kazi yake. Na kutoka Arusha na Nairobi amejifunza jua letu. Kwa hiyo aliweka yale madirisha ya juu. Jumba linajipoza lenyewe bila gharama yoyote ya umeme. Siku hizi watu wengi wanajenga majumba ya vioo ambayo yangekuwa tanuri kama si mashine za kupoza. Wangekwenda kwanza Kira Road wakatazame.

Tena si jumba la kutazama tu. Msimamizi wake tangu 1948 mpaka 1957 alikuwa Dakta Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyezaliwa Berlin, naye vilevile aliikimbia Ujerumani ya Hitler. Alikusanya ngoma, zeze, marimba na filimbi za makabila yote ya Uganda. Alitaka ziendelee kupigwa, zisifungiwe kabatini zikanyamaza. Basi watu wawili waliofukuzwa kwao walitusaidia kutunza sauti za kwetu. Mwaka 1962, mwaka wa uhuru, vitu vitakatifu vya Kibuka, mungu wa vita wa Waganda, vilirudishwa kutoka Cambridge, Uingereza, vikawekwa humo.

May mwenyewe hakukaa alifurahie jumba lake. Karibu na wakati ule ule lilipomalizika, alirudi Ujerumani baada ya miaka ishirini ya Afrika. Miji ya huko ilikuwa imevunjwa na mabomu, na ilihitaji wajenzi. Alifanya kazi Hamburg, akapanga mitaa mipya katika miji mingi. Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970, akazikwa Frankfurt alikozaliwa.

Miaka arobaini na moja baada ya kufa kwake, kazi zake za Kampala zilitiwa katika mizani. Mwaka 2011 ilitoka habari kwamba serikali inataka kulibomoa jumba la makumbusho na kujenga mahali pake jumba la biashara la maghorofa 60. Watu walisema kwamba vitu vya makumbusho vingepewa nafasi katika ghorofa mojawapo. Lakini vyama vya kutunza urithi, wasomi na raia wengine hawakukubali. Wakaandika, wakakutana, wakapeleka shauri mahakamani. Walieleza kwamba jumba lenyewe ni sehemu ya urithi, si sanduku tu la kuwekea urithi. Mwisho wa yote jumba halikubomolewa.

Mwaka ule ule wa 2011, wakaaji wa nyumba za zamani za Naguru na Nakawa walitolewa, na nyumba zao zikabomolewa ili pajengwe mji mpya. Nyumba zile zilikuwa duni, zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wakati wa ukoloni, na pengine hakuna aliyeona kwamba ni historia. Ardhi ikakaa kitambo kirefu bila kitu. Watoto walizaliwa pale, watu walioana pale. Nikiyaweka mambo haya mawili pamoja, naona kwamba jengo haliokolewi na uzuri wake tu. Linaokolewa na watu wanaojua kusema kwamba ni letu, na ambao sauti yao inasikilizwa.

Katika nchi nyingine pia imekuwa hivyo. Huko Moscow kuna nyumba iitwayo Narkomfin, iliyojengwa kati ya 1928 na 1930 kwa mtindo wa konstraktivizimu. Iliachwa ikaoza miaka mingi, rangi ikibanduka na maji yakivuja, na wengi walitaka ibomolewe. Lakini wapenzi wake hawakunyamaza, na mwaka 2020 kazi ya kuitengeneza upya ilikamilika. Huko Frankfurt chama kilichoanzishwa mwaka 2003 kimeitengeneza nyumba moja ya Römerstadt ikawa kama ilivyokuwa mwanzo, pamoja na lile jiko dogo, na wageni huingia kuitazama. Sisi tuna jumba zima la makumbusho, tena lingali linafanya kazi yake ile ile ya siku ya kwanza.

Wenzangu wengine huniuliza kwa nini tutunze kazi ya mtu aliyetutenga. Mimi najibu hivi. Mpango wa kutenga watu umekufa, na ni vizuri umekufa. Leo mtu ye yote akiwa na fedha anaweza kukaa Kololo, na fedha ndiyo mpaka mpya, lakini hiyo ni insha nyingine. Jumba la makumbusho halina mlango wa Wazungu na mlango wa Waafrika. Siku ile tuliyokwenda tulikuwa humo wanafunzi wa Buganda, Acholi, Ankole na Teso, kila mmoja akitafuta kabati la kwao, na kila mmoja akicheka alipoona ngoma ya mwenziwe inafanana na yake. Sijui kama Bwana May aliwaza juu ya siku ya namna hiyo alipokuwa akichora. Jumba lake limeiwezesha, nami namshukuru kwa hilo, wala sifichi lile lingine.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ndugu zangu, tusingoje habari nyingine ya kubomoa ndipo tukimbilie Kira Road. Nendeni likizo hii, mwingie saa nane mchana jua likiwa kali, mwinue macho kuyatazama yale madirisha ya juu.